Maswali ya Wasomaji: Pampu Inazunguka, Maji Hayatoki

Barua nyingi tulizopokea safari hii zinahusu pampu ndogo za umeme zinazopandisha maji kutoka kisimani, au kutoka kwenye tanki la chini, kwenda kwenye tanki la juu. Nimechagua zile ambazo majibu yake yatawafaa watu wengi zaidi. Jambo moja linahusu majibu yote: kabla ya kulegeza nati yoyote, chomoa plagi ukutani. Usitegemee swichi peke yake, kwa kuwa zipo nyumba ambamo waya zimeunganishwa kinyume, na swichi hukata waya usio na umeme huku ule wenye umeme ukiendelea kufika kwenye pampu.

Swali: Ndugu fundi, salamu. Nina kisima kifupi nyumbani na pampu ya nusu hospawa ambayo kwa miaka kadhaa imekuwa ikijaza tanki la lita 2,000 lililo juu ya mnara. Tangu wiki iliyopita pampu inawaka vizuri na sauti yake ni ileile, lakini maji hayafiki kwenye tanki. Fundi niliyemwita aliitazama kwa muda mfupi, akasema imekufa na ninunue nyingine. Je, ni kweli?
*Mama wa nyumba, Kigamboni, Dar es Salaam*

Jibu: Si kweli, mama, na nakuomba usitoe pesa bado. Mota inayozunguka kwa sauti yake ya kawaida imekwisha kukuthibitishia kwamba umeme unafika, kapasita, yaani kile kikopo kinachoipa mota msukumo wa kuanzia, inafanya kazi na waya za ndani hazijaungua. Kinachokosekana ni maji ndani ya pampu, na tatizo la namna hii karibu kila mara liko upande wa kuvuta, yaani kuanzia mdomo wa pampu kushuka hadi ndani ya kisima.

Kwanza tuelewe pampu inavyofanya kazi. Impela, yaani gurudumu dogo linalozungushwa na mota ndani ya tumbo la pampu, inapozunguka hupunguza mgandamizo ndani ya bomba la kuvuta, na hewa ya nje inayoukandamiza uso wa maji kisimani ndiyo inayoyasukuma maji yapande. Kwa sababu hiyo bomba lote la kuvuta pamoja na tumbo la pampu vinapaswa kuwa vimejaa maji, na pasiwepo tundu, hata dogo kama la sindano, linaloweza kupitisha hewa. Hewa ikiingia, impela huikoroga hewa hiyo bila kuleta maji, na wewe unayesikiliza nje utadhani kila kitu kiko sawa.

Anza kwa kujazia. Juu ya tumbo la pampu kuna kizibo chenye kichwa cha nati. Kifungue kwa spana na umimine maji safi taratibu kwa kikombe. Utaona mapovu yakipanda na maji yakishuka, kisha mapovu mengine, kisha maji yakishuka tena. Usiwe na haraka ya kufunga. Endelea kumimina hadi maji yasimame ukingoni mwa tundu bila kushuka, kisha subiri dakika tano huku ukiyatazama. Yakibaki palepale, funga kizibo na uwashe pampu. Yakishuka, hata polepole, basi valvu iliyo chini kabisa ya bomba ndani ya kisima, ile ambayo mafundi huiita futivalvu, haizibi sawasawa na inayaacha maji yarudi kisimani.

Futivalvu ni kifaa cha bei ndogo, lakini ndicho kinachowapotezea watu pampu nzima. Ndani yake mna kifuniko chenye mpira na springi dogo; jani moja, kipande cha mfuko wa plastiki au chembe ya mchanga ikikaa kwenye ukingo wake, maji yote hushuka pampu inapozimwa, na siku inayofuata pampu huanza kazi ikiwa kavu. Vuta bomba juu, ifungue, isafishe, kisha ishike wima na ujaze maji upande wa juu. Isipodondosha, irudishe kisimani. Ikidondosha, nunua nyingine, na ikiwezekana chagua ya shaba badala ya ya plastiki. Hakikisha pia kwamba haikai chini kabisa ya kisima. Iache ining'inie walau nusu mita juu ya sakafu, isije ikawa inavuta tope.

Ikiwa maji hayashuki wakati wa kujazia na bado pampu haivuti, tafuta mahali inapovuta hewa. Kosa la kawaida ni kuangalia kama kiungo kinadondosha maji. Upande wa kuvuta haudondoshi maji pampu inapofanya kazi. Unaingiza hewa, na unaweza kuwa mkavu kabisa kwa nje huku ukiwa mbovu. Washa pampu, kisha paka povu zito la sabuni kwenye kila kiungo, ukianzia pale bomba linapoingia kwenye pampu. Mahali ambapo povu linamezwa ndani ndipo penye tundu. Fungua kiungo hicho, futa tepu yote ya zamani, zungusha tepu nyeupe mpya kwa kufuata upande wa kukazia, na ukaze tena. Bomba la plastiki lililopigwa jua kwa miaka mingi hupasuka kwenye kona na kwenye shingo ya yunioni, kwa hiyo papapase kwa vidole hapo.

Pima pia kina cha maji, kwa sababu wakati wa kiangazi kisima kinaweza kushuka bila mtu kutambua. Funga jiwe kwenye kamba, lishushe, kisha pima sehemu kavu ya kamba kuanzia usawa wa pampu hadi pale palipoanza kulowana. Hata ombwe kamili haliwezi kupandisha maji zaidi ya mita 10.3 hivi katika usawa wa bahari, na pampu ya nyumbani, ukihesabu na msuguano wa bomba, huanza kushindwa kwenye mita 7 au 8. Ikiwa maji yameshuka hadi hapo, hakuna pampu nyingine ya aina hii inayovuta kutoka juu ya ardhi itakayokusaidia, hata iwe kubwa namna gani.

Yakithibitika yote hayo kuwa sawa, ndipo uangalie upande wa kutolea maji. Je, kuna geti valvu iliyofungwa kwa bahati mbaya? Je, boya la kwenye tanki limekwama juu? Nalitaja hili kwa sababu pampu hizi ndogo zenye impela ya shaba yenye vijino pembeni hazifanani na zile kubwa za mashambani. Ukizibana njia ya kutokea maji, mota hubeba mzigo mkubwa zaidi, na ikiachwa hivyo huungua.

Impela iliyolika huifikiria mwisho, na dalili yake si hiyo uliyoieleza. Nafasi kati ya impela na ukuta wake ni ndogo mno, haifiki unene wa karatasi ya daftari, na mchanga huipanua kidogo kidogo. Mwenye pampu ya namna hiyo huona maji yakipungua mwezi baada ya mwezi, yakitoka kwa wingi kwenye bomba la chini lakini yakishindwa kupanda mnara. Kwako wewe yamekatika kwa mara moja, kwa hiyo naamini utaikuta hitilafu kwenye futivalvu au kwenye kiungo.

Swali: Shikamoo fundi. Pampu yetu ilikaa miezi mingi bila kutumika. Tulipoiwasha ilinguruma tu bila kuzunguka, na baada ya muda ikaanza kupata joto. Baba anasema mota imeungua. Tufanyeje?
*Kijana wa Nyegezi, Mwanza*

Jibu: Marahaba, mwanangu. La kwanza ni kutoiwasha tena kwa kubahatisha. Mota inayonguruma bila kuzunguka huvuta umeme mara kadhaa zaidi ya kawaida, na dakika chache tu zinatosha kuunguza waya ambazo hadi sasa pengine bado ni nzima.

Pampu iliyokaa muda mrefu mara nyingi imeshikana kwa kutu. Chomoa plagi, fungua kava la feni nyuma ya mota, na uizungushe feni kwa mkono. Pampu nyingi zina mfereji mdogo kwenye ncha ya shafti, ile nondo ya mota inayozungusha impela, uliotengenezwa makusudi upokee bisibisi bapa; tumia huo badala ya kuvuta mapanga ya feni, kwa kuwa ni ya plastiki na huvunjika upesi. Ukihisi imekwama, izungushe kidogo mbele na nyuma kwa subira hadi iachie. Ikikataa kabisa, fungua uso wa pampu na ukwangue kutu kwenye ukuta unaozunguka impela, kisha usafishe kwa msasa laini. Usiigonge shafti kwa nyundo, kwa maana utapasua sili inayozuia maji yasiingie kwenye mota na kuharibu beringi, na kazi ya saa moja itageuka kuwa ya siku mbili.

Ikiwa shafti inazunguka kwa wepesi na bado mota inanguruma tu, mshuku kapasita, ile kopo ndogo iliyo ndani ya kisanduku cha waya juu ya mota. Kazi yake ni kuipa mota msukumo wa kuanzia na kuisaidia inapoendelea kuzunguka. Ikizeeka hupungua uwezo, na wakati mwingine huvimba au kutoa mafuta, lakini mara nyingi kwa nje huonekana nzima. Kabla ya kuigusa, unganisha ncha zake mbili kwa bisibisi yenye mpini wa plastiki ili umeme uliobaki ndani uishe. Kisha soma maandishi yake. Kwa pampu ya nusu hospawa utakuta kiasi cha mikrofaradi 10, na kwa ya hospawa moja kiasi cha mikrofaradi 20, pamoja na volti 450. Nenda dukani na ile ya zamani mkononi. Mikrofaradi zinapaswa kuwa zilezile. Volti zinaweza kuzidi, lakini zisipungue. Muuzaji akikuambia kwamba kubwa zaidi itaipa pampu nguvu, usikubali, kwa sababu itaipasha mota joto.

Chunguza pia kama tatizo hujitokeza jioni peke yake. Nguvu ya mota ya kuanza kuzunguka hupungua haraka kuliko umeme wenyewe: umeme ukishuka kutoka volti 230 hadi 180, mota hubaki na takriban asilimia 60 tu ya nguvu hiyo. Katika mitaa yenye umeme hafifu saa za kupika, pampu nzima kabisa inaweza kushindwa kuanza, na suluhisho ni kupandisha maji usiku wa manane au alfajiri.

Kuhusu hofu ya baba yako, mota iliyoungua hujitambulisha. Hutoa harufu kali ya rangi iliyoungua, na ukifungua kava utaona waya zimegeuka kuwa nyeusi. Kama waya ni za shaba, fundi wa kusuka mota anaweza kuzisuka upya na pampu ikafanya kazi miaka mingi. Pampu nyingi za bei nafuu zimesukwa kwa alumini, na kwa hizo gharama ya kusuka inaweza kukaribia bei ya pampu mpya, kwa hiyo uliza bei zote mbili kabla ya kuamua.

Swali: Hujambo fundi. Pampu yangu ina tangi la presha la lita 24. Siku hizi ukifungua bomba kidogo tu, pampu inawaka na kuzima, inawaka na kuzima, kila baada ya sekunde chache. Usiku tukiwa tumelala nayo huwaka yenyewe. Kuna nini?
*Msomaji wa Kisauni, Mombasa*

Jibu: Sijambo, ndugu yangu. Una matatizo mawili, na ni vizuri kuyatenganisha. Lile la mchana ni upungufu wa hewa. Ndani ya tangi lako mna kibofu cha mpira kinachopokea maji, na hewa inayokizunguka ndiyo inayoyasukuma maji kwenda bombani pampu ikiwa imepumzika. Hewa hiyo hupungua polepole kwa miaka. Ikiisha, tangi halina akiba yoyote, na kila glasi ya maji huiamsha pampu.

Zima pampu na ufungue bomba hadi maji yakome kabisa. Hatua hii usiiruke, kwa sababu ukipima tangi likiwa na maji utadanganyika. Nyuma ya tangi kuna kifuniko kidogo cha plastiki, na chini yake valvu kama ya gurudumu la gari. Ibonye kidogo. Yakitoka maji badala ya hewa, kibofu kimepasuka, na kwa tangi la aina yako kwa kawaida kinabadilishwa chenyewe kwa kufungua boliti za mbele. Ikitoka hewa, pima kwa kipimo cha magurudumu. Swichi nyingi za presha huja zimewekwa ziwashe kwenye baa 1.4 na kuzima kwenye baa 2.8, hewa ya tangi iwe chini kidogo ya kiwango cha kuwasha, yaani baa 1.2 hivi, ambayo kwenye vipimo vingi vya magari vinavyosoma kwa psi ni kama 18. Pampu ya baiskeli inatosha kuijaza.

Lile la usiku linaonyesha kwamba maji yanatoroka mahali fulani. Funga valvu inayotoka kwenye tangi kwenda nyumbani na usubiri. Pampu ikitulia, uvujaji uko ndani ya nyumba, na mimi ningeanza kwa kutazama tanki la choo, ambalo linaweza kuvuja kimyakimya usiku kucha. Ikiendelea kuwaka ingawa umefunga, maji yanarudi kisimani kupitia valvu ya kuzuia maji kurudi. Usiliache hili. Kila mota inapoanza huvuta umeme mwingi kuliko inapoendelea kuzunguka, na kuanza mara nyingi kwa siku ndiko kunakomaliza kapasita na kuunguza ncha za swichi.

Swali: Nilihamia Arusha kutoka Tanga na pampu yangu. Tanga ilikuwa ikivuta kutoka kisima cha mita 7 bila shida. Hapa kisima kina kina hichohicho, bomba ni lilelile, lakini pampu inatoa maji kwa kukohoa au haitoi kabisa. Nimebadilisha futivalvu na sili. Nimekosea wapi?
*Mwalimu mstaafu, Arusha*

Jibu: Hujakosea popote, Mwalimu. Umehamia mahali ambapo hewa ni nyepesi. Arusha iko takriban mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na huko hewa inayosukuma maji yapande bombani ni pungufu: kikomo cha mita 10.3 cha Tanga kinashuka hadi karibu mita 8.7. Pampu iliyokuwa ikifika mita 7 kwa jitihada sasa inapaswa kutegemewa kwa mita 5 na nusu au 6. Hali ni hiyohiyo kwa wasomaji wetu wa Mbeya, Iringa na Nairobi.

Unaweza kuokoa kiasi fulani kwa kutumia bomba la kuvuta lililo pana kuliko mdomo wa pampu, kwa kuondoa kona zisizo za lazima, na kwa kusogeza pampu karibu kabisa na kisima. Isipotosha, itakubidi ununue pampu ya kuzama majini, ambayo husukuma kutoka chini na haitegemei hewa kuyapandisha maji.

Kuna njia moja ambayo nakusihi wewe na kila anayesoma hapa msiijaribu, nayo ni kushusha pampu ya petroli ndani ya kisima ili iwe karibu na maji. Moshi wake una gesi ya kaboni monoksidi, ambayo haina rangi wala harufu, na kisima hakina pa kuitolea. Anayeshuka kuiwasha huanguka, na anayeshuka kumwokoa huanguka juu yake. Familia zimepoteza ndugu wawili na watatu kwa saa moja kwa namna hii. Injini ikae juu ya ardhi, daima.

Swali: Assalaam alaykum. Nikigusa pampu nikiwa pekupeku nahisi umeme kidogo vidoleni. Inafanya kazi vizuri. Je, naweza kuendelea kuitumia kwa kuvaa viatu?
*Msomaji wa Fuoni, Unguja*

Jibu: Waalaykum salaam. Usiendelee, bibi, hata kwa leo. Chomoa plagi sasa hivi na uwakataze watoto kugusa pampu na mabomba yake ya chuma, kwa kuwa mtu aliyelowa huumizwa na umeme ambao mwenye viatu anauhisi kidogo tu. Umeme unavuja kutoka kwenye waya za mota kwenda kwenye gamba la chuma, na gamba hilo halikuunganishwa na waya wa ethi, au waya huo umekatika njiani. Mwite fundi umeme apime uvujaji, aunganishe ethi hadi kwenye fimbo iliyozikwa ardhini, na aweke breka ya kukata umeme unapovuja kwa miliampia 30. Kisha mwombe atafute chanzo, ambacho kwa pampu za pwani mara nyingi ni maji yaliyopenya kwenye mota kupitia sili iliyochoka. Swali linalofuata linahusu hilo hilo.

Swali: Pampu inadondosha maji katikati, pale inapokutana na mota. Ni matone tu. Nimeweka bakuli chini. Inaweza kusubiri?
*Baba wa familia, Dodoma*

Jibu: Isisubiri, ndugu. Hapo ndipo ilipo sili ya shafti, iliyotengenezwa kwa nyuso mbili laini zinazosuguana, moja ya kaboni na nyingine ya kauri, zikipozwa na maji yenyewe. Pampu ikizunguka kavu, hata kwa muda mfupi, nyuso hizo hupata joto na kupasuka. Matone ya leo yatarushwa na shafti kuelekea kwenye beringi, beringi itaota kutu na kuanza kupiga kelele, na baadaye maji yatafika kwenye waya.

Chukua sili ya zamani na uende nayo dukani, kwa sababu kipimo kinafuata unene wa shafti na tofauti ya milimita moja haivumiliki. Badilisha nyuso zote mbili kwa pamoja, kamwe usiweke mpya juu ya kuukuu. Usiguse sehemu laini kwa vidole vyenye grisi. Ifute kwa kitambaa safi, lowesha mpira wake kwa maji ya sabuni, na uisukume kwa mikono hadi ikae sawa. Ukiwa umeifungua pampu, zungusha beringi na usikilize. Ikikwaruza, ibadilishe sasa hivi, maana namba yake, kwa mfano 6201 au 6203, imechongwa ubavuni na duka lolote la vipuri litaitambua. Kisha weka swichi ya boya kwenye tanki la chini, ili maji yakiisha pampu izime yenyewe kabla sili mpya haijaungua kama ya kwanza.